Pesa Aliyotumiwa Mboje

Mimi sina subira, na wala sifichi. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa mizani kwenye chama cha ushirika hapa Bariadi, enzi ambazo pamba yote ilipita mikononi mwetu. Mkulima akileta gunia, nalitundika, nasoma, naandika, anayefuata. Soko huria lilipokuja, makampuni nayo yakaja na mizani zao, chama kikatupunguza watu thelathini na mmoja kwa siku moja. Tangu hapo nina muda mwingi kuliko ninaoweza kuuvumilia. Mke wangu Benedikta anasema tangu siku ile miguu yangu haijatulia chini ya meza, hata wakati wa kula.

Nasimulia mambo ya mwaka 2004, tulipokuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Baba yangu, mzee Machibya, alikuwa nyumbani kwetu Sapiwi, ana miaka themanini na minane, kifua kimembana na chakula hakitaki. Nilipokwenda kumjulia hali mwezi wa Julai alitoa kitambaa chini ya mto, akakifungua mwenyewe. Ndani kulikuwa na kile kipande cha chuma cha mviringo chenye tundu juu, cheusi kwa uchafu wa miaka. Nilikijua tangu utoto. Kwetu kiliitwa pesa ya Mboje.

Mboje ni mama yake baba. Wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza mumewe aliondoka nyumbani, baba akiwa bado anabebwa mgongoni, na hakurudi. Vita ilipokwisha akapita msafiri mmoja, amekonda, anakohoa. Akamwekea Mboje mkononi kile kipande, akamwambia ni cha mumeo, akaenda zake bila hata kukaa akanywa maji. Wazee wa kijiji walikigeuzageuza wakatoa hukumu: ni pesa. Mwanamume kapata mke mwingine huko ziwani, na hii ndiyo aliyoituma kumaliza mambo, mwanamke asimsubiri. Mboje naye akakata shauri lake. Alikataza jina la mumewe lisitajwe kwenye mji ule, na mbele ya watu halikutajwa tena.

Ndiyo maana baba aliitwa Machibya ng'wana Mboje, Machibya mtoto wa Mboje. Kwetu mtu huitwa kwa baba yake. Siku nyingi watu walilitamka hivyo bila ubaya wowote, wamezoea. Lakini ukitokea ugomvi wa mpaka au wa ng'ombe kuingia kwenye choroko, jirani yetu mzee Januarius alikuwa akilivuta lile Mboje polepole mpaka kila aliyekuwepo aelewe. Hata mimi yamenikuta. Ofisini ukijaza fomu wanataka majina matatu, nami naandika Nyanda Machibya Mboje, na karani anainua macho kuniuliza kama hilo la mwisho si jina la kike. Nimeshagombana na makarani wanne kwa hilo.

Basi siku ile baba akaniwekea kile kipande kiganjani. "Nyanda, nataka kujua kama hii ni pesa."

Nikamwambia baba, kila mtu anajua ni pesa.

"Wanajua, lakini hawajaisoma," akasema. "Kama ni pesa, alituacha. Kama si pesa, nataka nijue ni nini. Na ufanye haraka."

Kuniambia mimi nifanye haraka! Kabla jua halijapinda nilikuwa nimeshapanda baiskeli narudi mjini.

Mjini kulikuwa na mama mmoja anaitwa Winnie, mwalimu aliyeacha ualimu akaja kutoka Mwanza na kompyuta tatu, akafungua chumba cha intaneti karibu na soko. Ulimi wake mkali kuliko wangu, ndiyo maana tulipatana. Akaniambia wapo watu duniani ambao starehe yao ni kukusanya sarafu, na wana baraza lao kwenye intaneti ambako unauliza na kujibiwa bure. Akakilaza kile kipande kwenye mashine ya kunakili picha, akafunga kifuniko, na baada ya muda nikakiona kwenye kioo cha kompyuta, kikubwa kama sahani na cheusi tii.

Kiingereza changu ni cha ofisini, lakini kinatosha. Sasa mimi nimelelewa Usukumani. Huingii kwenye mji wa mtu ukaanza kupayuka shida yako mlangoni. Unaamkia, unauliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua, nawe unaulizwa, ndipo unasema kilichokuleta. Kwa hiyo nilianza na mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, nikawaeleza maana yake, nikauliza mvua zao zimekuwaje na mifugo yao inaendeleaje. Nikawaeleza mimi ni nani, nimefanya kazi gani na kwa nini siifanyi tena. Ukurasa mzima. Mwisho kabisa nikauliza hii ni pesa ya nchi gani, nikaweka ile picha moja.

Kesho yake asubuhi nilifika Winnie hajafungua hata mlango. Jibu lilikuwepo, la msimamizi wa baraza lile, aliyejiita kwa Kiingereza jina lenye maana ya Kobe. Hakunisalimu. Alitaka kuona upande wa pili. Alitaka uzito kwa gramu na upana kwa milimita. Alitaka kujua kama sumaku inakishika. Alisema picha ina giza, na kwamba kabla ya kuuliza nisome kwanza taratibu zilizobandikwa juu pale.

Niliwaka. Mimi, miaka kumi na tisa kwenye mizani, mtu ananidai uzito hata salamu hajanipa! Na huo upande wa pili ulikuwa mtupu, hauna kitu, sasa nipige picha ya kitu gani? Mnajua wanunuzi wa pamba wa siku hizi wanavyofanya. Hujashusha gunia, kashaanza: hii mbichi, hii ina mchanga, hii daraja la pili. Anakutia wasiwasi na mali yako ili ukubali atakachosema yeye. Nikamwona Kobe ni walewale.

Lakini lile neno la giza lilinikaa. Nikajiambia, kweli, kitu hakipelekwi mbele ya wageni kikiwa kichafu. Nikaenda nyumbani nikachukua majivu jikoni, limao na gunzi la hindi, nikakaa uani nikasugua. Benedikta akauliza kama baba anajua ninachokifanya. Nikamjibu kwamba hata masufuria yake huwa anayasugua wakija wageni, sasa shida iko wapi. Nilisugua mpaka bega likauma. Kikatoka kinang'aa, nami nikafurahi.

Nikarudi kwa Winnie mbio, nikaweka picha mpya, na chini yake nikamwandikia Kobe kila kilichokuwa moyoni. Nilimwita mnunuzi wa kijiji. Nilimwambia mizani zake zimechezewa kama roho yake. Yapo na mengine, siyarudii hapa kwa sababu Benedikta ataambiwa.

Siku ya pili yake nikakuta mlango wa lile baraza umefungwa kwangu. Maongezi yangu yote yameondolewa, picha zote mbili zimeondolewa, kumebaki barua fupi ya Kobe kwangu peke yangu. Aliandika kwamba matusi hayaruhusiwi pale, hata kwa mgeni. Halafu akaandika kwamba nimesafisha, na sharti la kwanza kabisa juu pale linasema usisafishe kamwe. Kwenye picha ya kwanza, pamoja na giza lake, alidhani ameona maandishi. Kwenye ya pili hayaoni.

Nikakitoa mfukoni nikakipeleka dirishani. Nikakigeuza kwenye jua huku na huku. Laini kabisa! Nikapitisha kidole, hakuna kitu. Nikamuuliza Winnie ile picha ya kwanza iko wapi kwenye mashine yake. Akasema kila jioni akifunga anafuta vitu vya wateja, mashine zisijae. Basi kama picha ile ilikuwa imebaki popote duniani, ni kwa Kobe, na Kobe mwenyewe nilikuwa nimemtukana.

Nilitoka nje nikazunguka soko mara tatu bila kununua kitu. Nilitaka kumlaumu mtu na sikumpata. Nilijisikia vibaya mno, nasema ukweli. Nilikuwa nimeaminiwa kitu kimoja, nikakifuta kwa gunzi.

Jioni hiyo ikaja habari kwamba baba ananiulizia. Nikaenda. Alinyoosha mkono kabla sijakaa, nikampa. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri, lakini dole gumba lilikwenda lenyewe mpaka ukingo wa chini, likapita, likarudi, likapita tena. Akauliza kimekuwaje. Nikamwambia nimekisafisha, baba, ili waone vizuri.

Akakigeuza, akakipapasa upande wa pili. Kisha akasema pale chini palikuwa na makovu matano. Alipokuwa mdogo mama yake akilia, yeye alikuwa anajificha na kile kipande na kuyahesabu kwa kidole mpaka kilio kiishe. Hakunigombeza. Akaugeukia ukuta, na mimi nikabaki nimekaa kwenye kigoda kama mshitakiwa. Afadhali angenipiga.

Asubuhi nilimkuta Winnie anafagia. Nikamweleza yote, hata ya makovu matano. Akaweka ufagio chini, akanikalisha mbele ya kompyuta, akafungua zile taratibu ambazo sikuwa nimezisoma, akanilazimisha nizisome kwa sauti kama mwanafunzi. Usisafishe. Onyesha pande zote mbili, hata ulio mtupu. Taja uzito na upana. Sema umekipataje. Usianze kwa kuuliza kinauzwaje. Usibishane na anayekujibu bure. Na ukishajibiwa, hata kama jibu hukulipenda, rudi ushukuru.

"Mzee Nyanda," Winnie akasema, "wewe uliingia kwenye mji wa watu ukataka wakuamkie kwa Kisukuma. Hii ndiyo salamu yao. Mtu wa kule akikuuliza uzito, amekupa kiti ukae."

Nikachukua kipande changu nikaondoka.

Nilikwenda kwa Marcelo, anayenunua dhahabu za wachimbaji, ana kale kamizani kadogo ka kwenye kisanduku cha kioo. Nikamwomba anipimie. Nikamfanya airudishe mizani kwenye sifuri mara tatu, mpaka akaniuliza kama nimetumwa na serikali. Gramu tisa nukta nne. Upana nilipima kwa rula ya shule, milimita thelathini na moja. Sumaku niliing'oa kwenye spika ya redio mbovu, haikukishika hata kidogo. Winnie akanipigia picha pande zote mbili, ule nilioufuta na ule uliokuwa mtupu tangu mwanzo.

Kisha nikamwandikia Kobe. Safari hii sikujaza ukurasa. Nilisema nilimtukana mtu aliyekuwa ananisaidia na naomba radhi. Nilisema nilisugua kwa majivu, limao na gunzi, kwa sababu kwetu kitu hakiendi kwa wageni kichafu, na kwamba sikujua. Nikaweka vipimo na picha. Nikaeleza jinsi kilivyomfikia Mboje. Nikasema sitaki kujua kinauzwaje. Baba yangu ana miaka themanini na minane na anataka kujua kama baba yake alimwacha. Kama kuna mtu ana ile picha ya kwanza, naiomba.

Nikangoja. Siku ya kwanza nilifika kwa Winnie mara tano. Siku ya pili umeme ukakatika tangu asubuhi, nikakaa kwenye ngazi ya mlango wake nikitikisa mguu mpaka akaniambia ninamfukuzia wateja. Nikaenda hadi Ngulyati kwa baiskeli bila shida yoyote huko, nikageuza. Nyumbani nilikaza misumari ya milango yote, hata ambayo haikulegea. Siku ya tatu ikaja habari kutoka Sapiwi kwamba baba amekataa hata uji.

Siku ya nne jibu lilikuwepo. Lilianza na neno mwangaluka.

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Winnie akanishika bega akanibonyeza kwenye kiti. Kobe aliandika kwamba mvua kwao zimekuwa nyingi mno, kwamba hana mifugo ila paka mmoja, na kwamba anasikitika kwa kazi yangu. Yote yale niliyoyaandika siku ya kwanza alikuwa ameyasoma. Halafu akaingia kwenye shughuli. Kabla ya kuyaondoa maongezi yangu aliiweka picha ile ya kwanza pembeni, kwa sababu yale maandishi yalimnyima usingizi. Aliitoa giza kwa mashine zake, akairudisha kwangu. Pale chini, kwenye ukingo, kulikuwa na tarakimu tano. Juu yake kulikuwa na herufi, mbili zinasomeka vizuri, nyingine kwa kukisia.

Akasema hii si pesa. Hakuna pesa ya enzi zile anayoijua ambayo upande mmoja ni mtupu namna hiyo, na ndiyo maana aliutaka ule upande. Uzito nao haulingani na rupia wala shilingi wala senti yoyote aliyopata kuishika. Kwa anavyoona yeye, ni kitambulisho cha shingoni cha mpagazi, mmoja wa wale waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi kwenye vita ile. Hawezi kuapa, na akanishauri niwaulize na wengine. Wala hawezi kusema mtu yule alifia wapi. Lakini kitu kama kile mtu hakukivua shingoni akakituma nyumbani angali hai. Mara nyingi kilivuliwa na mwenzake.

Chini kabisa aliuliza swali moja. Namba anayo sasa, jina hana. Mtu huyu aliitwa nani?

Nilikuwa na miaka hamsini na mbili, na jina la babu yangu sikuwahi kulisikia.

Winnie akanichapia karatasi, jibu na picha. Sikumbuki njia ya Sapiwi siku ile, nakumbuka tu mnyororo ulitoka mara mbili na mara zote mbili nikaurudisha huku natukana. Nilipofika nilimkuta mzee Januarius amekuja kumjulia hali mgonjwa, kakaa kwenye kile kigoda changu. Sikujali. Nikamsomea baba karatasi yote, sentensi moja kwa Kiingereza, kisha kwa Kisukuma, nikihema.

Baba alisikiliza bila kufumbua macho. Nilipomaliza akauliza zile tarakimu ni ngapi. Nikamwambia tano.

"Ni kweli, tano," akasema. "Kwa hiyo si pesa."

"Si pesa, baba."

Akataka niseme tena, nikasema tena. Machozi yakamshuka upande wa mto, na hakuyafuta. Akasema mama yake alikufa akijua ni pesa. Alilirudia hilo mara mbili, na hakuna barua ya kumfikia Mboje. Niliugua moyoni kwa ajili ya mwanamke yule kuliko hata kwa ajili ya baba.

Baada ya muda nikamwambia kwamba yule mtu wa kwenye intaneti anauliza jina. Januarius akatazama chini. Baba yake mwenyewe alikuwa kati ya wale wazee waliotoa hukumu, sote tulilijua hilo.

Baba akaniashiria nimwinue. Nikamwegemeza ukutani, akavuta pumzi mpaka kifua kikapiga mluzi.

"Mayala," akasema. "Aliitwa Mayala. Mwandikie."

Nikamwomba alitaje tena, nisije nikalikosea, ingawa nilikuwa nimelisikia vizuri kabisa. Akalitaja kwa nguvu, mpaka wanawake waliokuwa wakianika mtama uani wakanyamaza. Akaniambia niende leoleo, nisingoje kesho, kwani mtu aliyekujibu haachwi bila wabeja, bila asante.

Januarius akainuka kwenye kigoda. Alikuwa mzee naye, magoti yanamsumbua, ilimchukua muda kusimama. Akavua kofia, akasogea kitandani, akamsalimu baba upya, kana kwamba ndiyo kwanza anaingia.

"Mwadila, Machibya ng'wana Mayala."

Baba akageuza uso kumwelekea.

"Mwadila," akasema.

Kisha akaomba uji.